Picha Ipo

Kabla ya kumpiga mtu picha, Mzee wa Picha alimpa karatasi nyeupe aishike kifuani. Karatasi hiyo alikuja kuichukua kwangu, steshenari, na hakukubali ya juu kwenye rimu kwa sababu ya juu ilikuwa imeshaonja vumbi la mtaa wetu wa Buswelu. Nilimchomolea ya katikati. Mteja akishaishika, mzee anaipiga picha karatasi peke yake, anaingia kwenye menyu ya kamera, anashuka mpaka sehemu ya kupangia weupe, na kuieleza kamera kwamba huu ndio weupe, rangi nyingine zote zipimwe kutoka hapa. Hapo ndipo anaipokea karatasi yake na kumwambia mteja avute pumzi, ashushe mabega.

Wapigapicha wengine wa mjini hawana muda huo. Wanaweka oto, kamera inachagua yenyewe, mteja anatoka anang'aa na kwenda zake kwa furaha. Yeye oto ilimkera. "Oto ina adabu sana," aliniambia siku moja. "Ikikuta mtu ana rangi ya ugonjwa, inamsitiri." Nilicheka sana. Enzi zile nilikuwa nacheka kila alipofungua mdomo.

Tulichangia ukuta mmoja kwa miaka tisa, studio yake upande huu, steshenari yangu upande ule. Yeye alipiga, mimi nilichapa, nikakata za paspoti, nikapitisha kwenye laminesheni. Kwao ni wapi, wazazi wake ni akina nani, sikuwahi kumuuliza naye hakuwahi kunieleza. Nilichokijua ni mikono yake. Aliinawa kwa sabuni kabla ya kugusa kamera, akaipangusa kwa kitambaa cha khanga kilichokuwa hakifanyi kazi nyingine yoyote duniani.

Kamera yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya mkono wa pili. Mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka, akaubandika kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Juu yake kulikuwa na gurudumu lenye vialama vya mlima, ua na mtu anayekimbia, lakini halikuzungushwa kamwe; lilikaa kwenye herufi M, ya kupanga kila kitu mwenyewe, mwaka mzima. Vile vialama, alisema, vimewekwa kwa ajili ya watu wasiopenda kufikiri. Kilichonishangaza zaidi ni menyu. Ilikuwa ya Kijapani tupu, wala haikuwa na lugha nyingine ya kubadilishia. Mzee hakujua hata herufi moja ya Kijapani. Alikuwa amejifunza kwa kuhesabu: chini mara mbili, kulia, chini mara sita, hapo ni weupe. Kulia mara moja, chini mara nne, hapo ni kuonyesha picha mara tu ikishapigwa. Siku moja ya mvua, wateja hawapo, alinifundisha hesabu zote, tukiimbishana kama watoto wa darasa la kwanza. Bado ninazo kichwani.

Watu walimlalamikia sana. "Mzee, mbona umenitoa kama nimetoka wodini?" aliuliza mama mmoja muuza nyanya. "Mimi sijakutoa popote," akamjibu. "Umetoka mwenyewe." Mama akamsonya, akacheka, akazilipia. Sehemu ile ya kuonyesha picha aliiacha imewashwa siku zote. Kila akipiga, kioo cha nyuma kinawaka, naye anaigeuza kamera mteja ajione kabla hata yeye mwenyewe hajaitazama vizuri. Alisema mtu ana haki ya kuiona sura yake kwanza. Kwa jambo hilo alikuwa mkali, na nilimheshimu kwalo.

Alikuwa na maneno mengi ya kila kitu: ISO ikipanda sana picha inaota chengachenga, betri isiachwe kwenye jua, lenzi isipulizwe kwa mdomo. Mkikaa naye mnapiga soga mpaka chai inapoa. Ila kulikuwa na vitu viwili ambavyo ukivigusa ananyamaza. Cha kwanza, hakupigwa picha. Nilimwambia mara ngapi, "Mzee, leo nikupige mimi," naye ananipa kisogo, anapangusa kamera ambayo haina vumbi. Cha pili ni ile picha aliyoiita ya akiba.

Ilikuwa hivi. Mteja amekuja kupiga ya kitambulisho. Amepigwa, ameonyeshwa, ameridhika. Mzee anarudisha kamera kwake, anabonyeza kitufe cha kukuzia, picha inasogea karibu, karibu zaidi, mpaka kioo kizima kinajaa jicho moja la yule mtu. Anatazama. Wengi wao anawaambia asante, nendeni. Lakini mmojammoja, labda mmoja katika mwezi, alimwambia: "Hebu ngoja. Moja ya akiba." Hapo hataki tena sura ya kitambulisho. Anamchokoza mpaka acheke, anamwambia afungue kifungo cha juu, anamgeuza kidogo kwenye mwanga wa mlango. Ile hailipiwi. Watu walijiona wamependelewa.

Kila Jumamosi alileta kadi ya kamera nimhamishie picha kwenye kompyuta, kisha anairudisha kwenye kamera na kufuta zote. Zilifutika zote isipokuwa zile alizozifunga. Kamera ina kitufe chenye alama ya ufunguo. Ukikibonyeza juu ya picha, kiufunguo kidogo kinakaa kwenye kona yake, na hiyo hata ufute mara mia, haiondoki. Nilimuuliza Jumamosi moja, "Hizi mbona hazifutiki?" Akasema, "Hizo ni nzuri tu, Mama Neema." Kwenye kadi ya mwaka ule zilikuwa kumi na moja, watu wanacheka, kifungo cha juu kimefunguliwa.

Mmoja wao alikuwa kaka yangu.

Kaka yangu alikuwa anaishi Sengerema, anavuka ziwa na mpunga kuja kuuza Mwanza, na akivuka lazima apite kwangu kula. Alikuwa mtu wa vurugu njema. Akiingia steshenari hata mashine ya fotokopi unadhani imeamka. Alimsalimia mzee kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha bodaboda, na mzee alimpenda. Siku ile alikuja kupiga za paspoti kwa ajili ya bima. Akashikishwa karatasi, akapigwa, akaonyeshwa, akasema amekuwa mzee ghafla. Mzee akakuza. Nilikuwa mlangoni, nikaona kidole chake kinabonyeza mara tatu, mara nne.

"Unakula vizuri lakini?" akamuuliza.

"Baba, muulize huyu dada yangu. Nakula kama jeshi."

"Usiku unalala?"

"Nalala mpaka naamshwa."

Mzee akakuza tena. Kisha akasema, "Hebu ngoja. Moja ya akiba." Nami mlangoni pale nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimwambia kaka yangu, "Umebahatika, leo umependwa."

Miezi minne baadaye alitapika damu shambani. Nilivuka siku ileile. Daktari pale Sengerema alikuwa kijana mpole, akamfunua kope kwa kidole gumba, akaniita pembeni. Ini, akasema. Akasema, "Mngemleta mapema kidogo, dada. Haya macho hayakuanza kuwa ya njano jana." Mimi nilikula na kaka yangu kila wiki na sikuona chochote. Siku ya tatu akafa.

Kwetu msiba hauendi bila picha. Inatangulia mbele ya jeneza ikiwa kwenye fremu, na kila mahali ni mahangaiko yaleyale: ndugu wanachakura simu, wanakata sura kutoka kwenye harusi ya mtu mwingine, bega la bi harusi bado linaonekana pembeni. Watu wa Buswelu hawakuhangaika. Walikwenda kwa Mzee wa Picha, na kabla hawajamaliza kusema waliyempoteza ni nani, aliwajibu, "Picha ipo." Kwa miaka mingi nilisikia neno hilo kupitia ukutani, nikadhani ni ukarimu. Walimbariki na kumpa mkono kwa mikono miwili.

Nami nilikwenda. Nilifika mlangoni pake, sijafungua mdomo. "Picha ipo," akasema, akiangalia chini. Ilikuwa imeshachapwa kwingine, imeshawekwa kwenye fremu. Kaka yangu alikuwa anacheka, kifungo kimefunguliwa, na kwa sababu ya ile karatasi nyeupe kila rangi ilikuwa ya kweli. Nilikaa msibani nimeipakata siku nzima. Mchana wa pili niliyaangalia macho yake pale kwenye picha, nikaona kile ambacho mzee alikiona. Rangi ya chai ya maziwa. Nikaanza kuwahesabu wale kumi na moja wa kwenye kadi. Saba niliwafahamu, na wote saba walikuwa wameshazikwa.

Nilimfuata baada ya arobaini. Nilimwambia, "Mzee, uliona." Alikuwa anapangusa lenzi, akaendelea kuipangusa. Nikasema, "Uliona, ukamchekesha, ukampiga, ukamwacha aende zake." Akageuza lenzi upande wa pili. Nilisimama pale mpaka nikaona nitamkamata shati, nikaondoka.

Lililofuata ni kosa langu, na silisingizii hasira. Nipo kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, akina mama ishirini na kitu, tunakutana Jumapili baada ya ibada. Nikasema mbele yao, "Yule mzee huwa anajua." Maneno hayo tu. Sikusema ini, sikusema macho, sikueleza habari ya weupe. Nilitaka tu mtu mwingine amkasirikie pamoja nami. Mama mmoja akauliza, "Anajua, au anafanya?" Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nilimwaga chai yangu chini, nikainuka.

Wiki ile wateja walipungua. Wiki iliyofuata mtu akaja steshenari kuniuliza kama ni kweli kila mwezi anamtoa mtu kafara. Akina mama waliokuwa wakimtania walianza kupita upande wa pili wa barabara na kuwafunika watoto uso kwa kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote kwa kukodolea kioo cha kamera, na kwetu huku mzee mwenye macho mekundu hahitaji kosa lingine ili aitwe mchawi. Yeye alikuja kama kawaida, akanawa mikono, akawasha taa zake mbili, akakaa. Alinisalimia kwa jina. Nilimpa shikamoo yangu nikiangalia mashine.

Mawe yalikuja saa nane mchana, jua kali, barabara imejaa watu. Matatu juu ya bati, la nne kwenye kioo cha mlango. Niliwaona walioyarusha na waliniona, na hakuna aliyekimbia. Nilikwenda na fagio. Sijui kwa nini nilichukua fagio badala ya kupiga kelele. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kamera iko ndani ya koti lake, ameikumbatia.

"Hata kule Buhongwa walianza na bati," akasema.

Ndipo akanieleza, mimi nafagia vioo. Buhongwa alikuwa na studio kubwa kuliko hii. Akamwona mwalimu mmoja kijana kwenye kioo cha kamera, akamwambia waziwazi, mbele ya mke wake: nenda kapimwe, macho yako si mazuri. Mwalimu akamcheka. Mwezi haukuisha akafa, na mke akakumbuka nani alikitamka kifo kwanza. Walimpa mzee siku moja ya kuhama. "Tangu hapo nikasema basi," akaniambia. "Nikiongea nimeua. Nikinyamaza, angalau watu wanapata picha."

"Kaka yangu angepona."

"Labda." Akaivuta kamera kifuani. "Na wewe ungekuwa wa kwanza kuniuliza nimejuaje."

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa nimeshika fagio, na kule nje waliorusha mawe walikuwa bado wamesimama, wanangoja kuona kama nitatoka nikiwa mzima. Nilitoka, nikapita katikati yao, nikaingia steshenari. Kesho yake studio ilikuwa tupu. Kwenye kizingiti changu kulikuwa na karatasi ambazo hakuwa amezitumia, amezifunga vizuri kwenye nailoni.

Nilijiapiza kitu kimoja baada ya pale. Kwamba mimi, siku nikiona kitu kwenye uso wa mtu, nitasema. Aseme atakayesema, nitasema. Nilikuwa nawaambia hata wateja: dada umepungua, baba huo mguu umevimba, kapime. Wengine walinishukuru. Nilianza kujiona nimemshinda.

Mwaka wa pili nilivuka kwenda Sengerema kujengea kaburi la kaka yangu, nikasikia kwamba mzee anaishi kwa dada yake, nyumba ya pili kutoka mashine ya kusaga. Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta barazani amevaa koti lilelile, ila sasa koti lilikuwa linamvaa yeye. Dada yake, bibi mwenye sauti nzito, alituletea kigoda, akakaa mlangoni anachambua mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Neema. Mashine ya fotokopi bado inakwama?"

"Bado inakwama."

Tukacheka. Nilimwomba msamaha kwa maneno machache kwa sababu dada yake alikuwa anasikia, naye akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kamera, na karatasi moja ndani ya nailoni. Ilikuwa ya kwangu. Akaishika kifuani kwake.

"Leo nipige," akasema.

Nikahesabu. Chini mara mbili, kulia, chini mara sita. Nikaipiga karatasi, nikaiweka pembeni, nikampiga yeye. Kioo kikawaka. Nikaigeuza kamera ajione, kama alivyokuwa akiwafanyia wengine, akatikisa kichwa, akasema hana haja. Nikairudisha kwangu. Kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kukuzia bila mimi kukituma. Mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka jicho lake likajaa kioo kizima.

Rangi ya chai ya maziwa.

Maneno nilikuwa nayo. Nimeyabeba miaka miwili, nimewapa wauza samaki na wanafunzi, watu nisiowajua hata majina. Kapime, mzee. Hospitali haikuwa mbali. Ningemshika mkono tukafika. Nikamtazama dada yake mlangoni, mikono imesimama juu ya ungo, ananiangalia. Nikawaza: nikilitamka hapa, na likatokea, mimi ndiye mgeni niliyekuja na kamera. Niliogopa. Naliandika kama lilivyo, niliogopa, na ulimi wangu ukakaa.

"Hebu ngoja," nikasema. "Moja ya akiba."

Mzee akafungua kifungo cha juu mwenyewe. Nilimtania kuhusu koti, akacheka, nikapiga. Nikabonyeza ufunguo. Akanyoosha mkono nimpe kamera, akaitazama ile picha muda mrefu, na kile kiufunguo kwenye kona yake.

"Mwanga umeupata," akasema.

Kisha akaniambia nikae pale alipokuwa amekaa. Akanipa karatasi, nikaishika kifuani. Akaipiga, akaipokea. Halafu nikaona kidole gumba chake kinaingia tena kwenye menyu: kulia mara moja, chini mara nne. Nilizijua hesabu hizo. Alikuwa anazima sehemu ya kuonyesha picha, ambayo kwa miaka tisa sikuwahi kumwona akiizima kwa mtu yeyote. Akanipiga. Kioo kikabaki cheusi, na kamera hakuigeuza.

"Nione," nikasema.

"Nyingine," akasema, akapiga tena. Akazima kamera, akatoa kadi, akaniwekea kiganjani na kunikunja vidole. "Kaa nayo wewe. Kwako ndiko kwenye kompyuta."

Nilirudi Mwanza siku ileile, na ile kadi sikuthubutu kuifungua kwenye kompyuta. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maabara nimekunja mkono wa blauzi, na sikumwambia mtu kwa nini. Mbele yangu walikuwepo watu kumi na wawili. Nilikuwa na simu mkononi, na namba ya dada wa mzee ilikuwemo. Nilikaa pale saa mbili na nusu. Wakanitoa damu, na baada ya siku tatu wakaniambia niko sawa, niende nikaendelee na kazi zangu. Namba sikuipiga.

Wiki ya tano ikanipigia yenyewe. Ilikuwa sauti ya yule bibi, nzito zaidi, na nyuma yake watu wengi. Alisema samahani kwa usumbufu, wamepekua nyumba nzima, masanduku yote, hawaoni picha yake hata moja, maana huyu mtu maisha yake yote alipiga wenzake tu, sasa hawajui watatanguliza nini mbele ya...

Sikumwacha amalize.

"Picha ipo," nikasema.